UCHAMBUZI: Kwale itambue ni nani ameshika daftari la majina yake mtandaoni

WAKAZI wa Kwale hawahitaji kufundishwa thamani ya jina lililoandikwa daftarini. Tangu serikali ya kikoloni ilipotunga Sheria ya Hati za Ardhi mwaka 1908, iliyowataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi wa Pwani kujitokeza na kuandikisha haki zao, historia ya eneo hili imekuwa historia ya walioandikwa na wasioandikwa. Waliopata hati walitambuliwa. Ardhi ambayo haikuandikishwa ilihesabiwa kuwa ya serikali, na vizazi vya watu waliokuwa wakiilima vikaishia kuitwa maskwota.

Hali kadhalika, jamii ya Wamakonde, ambayo kwa miongo mingi iliishi Kwale bila vitambulisho vya taifa, ililazimika kufunga safari ya miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 ili kudai kuandikwa. Februari 2017 walianza kupokea vitambulisho hivyo na kuhesabiwa miongoni mwa makabila ya Kenya. Hawakuwa wageni siku moja kabla ya hapo. Walichokosa ni mstari mmoja katika daftari la serikali.

Leo kuna daftari jingine ambalo halizungumziwi barazani wala katika mikutano ya hadhara, nalo ni daftari la majina ya mtandao wa intaneti. Si haki kulilinganisha kwa uzito na ardhi wala uraia. Hata hivyo, kwa eneo ambalo riziki yake kubwa hutokana na wageni wanaolijua kwanza kupitia tarakilishi na simu, swali la nani ameandikwa katika daftari hilo si jambo la mafundi pekee. Ni swali la umiliki, na Pwani Kusini ina kila sababu ya kuliuliza mapema.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni, ambao hata hivyo hautamshangaza yeyote aliyefanya biashara kati ya Tiwi na Msambweni. Mama mmoja ana nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili karibu na ufuo wa Galu. Miaka kadhaa iliyopita alimlipa kijana hodari amtengenezee tovuti. Kijana alifanya kazi nzuri: alisajili jina, akapandisha picha za bahari na kumfungulia mama anwani ya barua pepe yenye jina la biashara yake. Lakini usajili aliuweka kwa jina lake mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, na maelekezo yote ya jina hilo akayaweka katika mashine za kampuni aliyoijua yeye.

Kisha kijana akapata kazi Doha. Ilani ya kulipia jina kwa mwaka mwingine ikatumwa kwenye barua pepe ambayo haifungui tena. Mwezi Agosti, wakati Wazungu wa likizo wamejaa Diani, tovuti ikazimika na barua pepe zikaanza kurudi kwa waliozituma. Mgeni aliyeko Ujerumani hajui habari za kijana wala za Doha. Anachokiona ni kwamba hoteli haipo, na papo hapo anachagua nyingine. Ada ambayo haikulipwa ni ndogo kuliko malipo ya usiku mmoja katika hoteli nyingi za Diani.

Swali ni je, mama huyu alikuwa na nini mkononi? Alikuwa na nyumba, leseni na wafanyakazi. Jina ambalo wageni walimjua kwalo halikuwa lake. Mtandaoni alikuwa skwota.

Jina hutafutwaje?

Ili kuelewa tatizo hili, sharti tuelewe jinsi jina linavyotafutwa. Mashine za intaneti hazijuani kwa majina bali kwa nambari, ambazo mafundi huziita anwani za IP. Jina, yaani kikoa, ni hisani kwa binadamu asiyeweza kukariri nambari. Basi kila mtu anapoandika jina la tovuti, lazima pawepo mahali pa kuuliza: jina hili nambari yake ni ipi?

Chukua mfano wa mgeni anayeshuka feri Likoni akimtafuta mtu aishiye Gazi. Watu wa Likoni hawamjui mtu huyo, ila wanajua Gazi iko wapi, kwa hiyo humwelekeza ashike barabara ya Lunga Lunga. Akifika Gazi, wenyeji humwelekeza kwa mzee wa mtaa. Mzee wa mtaa ndiye anayeijua nyumba yenyewe.

Katika intaneti, Likoni ni seva za mzizi. Hizi zina majina kumi na matatu tu, ingawa nakala zake zimetapakaa duniani na sasa zinazidi elfu moja. Seva za mzizi hazijui hoteli ya Galu, lakini zinajua ni nani anayesimamia majina yote yanayoishia kwa .ke. Gazi ni seva za .ke, zinazosimamiwa na shirika la KeNIC. Nazo hazijui tovuti iko wapi, ila zinajua ni seva zipi zilizokabidhiwa jina hilo. Hizo za mwisho ndizo seva za majina za mwenye kikoa, na ndizo mzee wa mtaa wetu. Zikisema tovuti iko hapa na barua pepe zipelekwe pale, dunia nzima hutii. Zikinyamaza, jina limekufa hata kama tovuti yenyewe ingali nzima katika mashine yake.

Hapa ndipo penye mamlaka halisi. Watu wengi hudhani kuwa mali ni tovuti, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. La hasha. Tovuti inaweza kujengwa upya kwa wiki moja. Anayedhibiti maelekezo ya jina ndiye anayeweza kuihamisha biashara nzima, pamoja na barua zake zote, bila kugusa hata tofali moja.

Kenya yenyewe ilipitia njia hii

Ikumbukwe kwamba taifa zima la Kenya liliwahi kuwa katika hali inayokaribia ile ya mama wa Galu. Kikoa cha .ke kilikabidhiwa rasmi mwaka 1993. Msimamizi wa masuala ya utawala alikuwa Dkt Shem Ochuodho, mtaalamu wa tarakilishi ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Rangwe. Upande wa kiufundi ulikuwa mikononi mwa Randy Bush, mhandisi Mmarekani aliyezisaidia nchi kadhaa za Afrika kuingia mtandaoni kwa kujitolea.

Hakuna aliyeiibia Kenya jina lake. Bila watu hao wawili pengine tungechelewa kwa miaka. Lakini jina la nchi lilitegemea hisani ya watu binafsi, na sehemu ya mashine na mikono iliyolitunza ilikuwa ng'ambo. Intaneti ilipoanza kuwa uwanja wa biashara, wadau wa sekta hiyo pamoja na serikali walitambua kwamba hisani si mfumo wa utawala. KeNIC iliundwa, na mwishoni mwa 2002 shirika la kimataifa la ICANN liliidhinisha usimamizi wa .ke uhamishiwe kwake.

Jambo linalofaa kuzingatiwa ni lile lililofuata. Kenya haikuridhika kuandikwa jina tu. Ilisimika seva zake za majina na kuzipa majina yake yenyewe, na mojawapo imejulikana kwa miaka mingi kwa neno la Kiswahili: mzizi.kenic.or.ke. Mbali na kupendeza masikioni, jina hilo ni tamko kwamba anayetaka kujua majina ya Kenya aje aulize Kenya. Jirani yetu Tanzania nayo ilifuata njia hiyo, kwani usimamizi wa kikoa cha .tz ulikabidhiwa shirika la tzNIC mwaka 2010.

Wasiochukua hatua mapema walijifunza kwa uchungu. Mnamo Aprili 2004 majina ya Libya yanayoishia kwa .ly yalitoweka mtandaoni kwa siku kadhaa, wakati ambapo palikuwa na mvutano kuhusu ni nani mwenye haki ya kuyasimamia. Hapakuwa na vita wala mafuriko, ila mashine zilizotakiwa kutoa maelekezo hazikutoa.

Seva kwa jina lako mwenyewe

Sasa turudi Pwani Kusini. Alilofanya KeNIC kwa nchi, kampuni au taasisi yaweza kulifanya kwa kikoa chake, yaani kuwa na seva za majina zinazoitwa kwa jina lake yenyewe. Tuseme kampuni ya vijana wa Ukunda inayotengeneza tovuti za hoteli ina kikoa kiitwacho mfano.co.ke. Badala ya kuwaambia wateja waelekeze majina yao kwenye seva za kampuni ya mbali, huwaambia wayaelekeze kwenye ns1.mfano.co.ke na ns2.mfano.co.ke.

Lakini hapa panazuka kitendawili. Mtu anayetafuta mfano.co.ke anaambiwa akaulize kwa ns1.mfano.co.ke. Ili aijue ns1.mfano.co.ke iko wapi, anapaswa kwanza kumpata mwenye kujibu kuhusu mfano.co.ke. Ni sawa na kumwambia mgeni wa Gazi kwamba nyumba ya mzee wa mtaa anaijua mzee wa mtaa mwenyewe. Mgeni atazunguka hadi feri ya mwisho.

Ufumbuzi wake ni daftari. Mwenye kikoa humwomba msajili wake, yaani kampuni iliyoidhinishwa kumsajilia jina, aandikishe majina ya seva hizo pamoja na nambari zake katika rejista kuu ya .ke. Tangu hapo, seva za .ke zinapoulizwa, hazitaji jina la mzee wa mtaa peke yake, bali huonyesha na mlango wake. Mafundi huiita rekodi hiyo gundi, kwa kuwa ndiyo inayougandamanisha mnyororo ambao vinginevyo ungekatika.

Utaratibu wenyewe si mgumu, mradi ufuatwe kwa mpangilio. Kwanza, seva mbili au zaidi ziwe tayari, zikiwa na nambari zisizobadilikabadilika, na ziwe zimekwisha kupewa rekodi zote za kikoa, zikiwemo za barua pepe. Pili, majina ya seva hizo na nambari zake yaandikishwe kwa msajili. Ni msajili wa kikoa chenyewe, hapa mfano.co.ke, ndiye awezaye kufanya hivyo, wala si kampuni nyingine yoyote inayohifadhi tovuti. Tatu, ndipo kikoa kielekezwe kwenye seva hizo mpya. Nne, seva za zamani ziachwe zikifanya kazi kwa siku mbili hivi, kwa sababu mashine nyingi duniani huwa zingali zinakumbuka maelekezo ya awali.

Wanaoanza na hatua ya tatu kabla ya ile ya pili ndio hulalamika kwamba jina limepotea. Halijapotea, ila limeelekezwa kwa mzee wa mtaa ambaye hakuna ajuaye nyumba yake. Vivyo hivyo kwa wanaobadilisha nambari ya seva na kusahau kumjulisha msajili. Rejista huendelea kuwaelekeza watu kwenye mlango wa zamani.

Faida iko wapi?

Msomaji atauliza, kwa nini usumbufu wote huu? Faida ya kwanza ni uhuru wa kuhama. Tuseme kampuni yetu ya Ukunda ina wateja arobaini. Kama majina yao yote yameelekezwa kwa seva zenye jina la kampuni ya ng'ambo, siku kampuni hiyo ikipandisha bei au ikifilisika, itabidi kuwaomba wateja arobaini wabadilishe maelekezo, mmoja mmoja. Wengine wamesahau nywila, wengine wako safarini. Lakini kama wote wameelekezwa kwa ns1.mfano.co.ke na ns2.mfano.co.ke, kampuni itahamia kwa mtoa huduma mwingine kwa kubadilisha nambari mbili kwa msajili wake, sambamba na rekodi zake yenyewe. Mteja hatajua hata kama kuna kilichohama.

Ifahamike kwamba jambo hili halihitaji mtu anunue mashine zake. Watoa huduma wengi hukubali seva zao zitumike kwa jina la mteja. Kinachokuwa mali ya mteja ni jina na haki ya kulielekeza kwingine. Huo ndio uzito wenyewe.

Faida ya pili ni ya kiuchumi. Hoteli inayopoteza jina lake hubaki kutegemea majukwaa makubwa ya kuuza vyumba, ambayo hukata sehemu ya kila malipo ya mgeni. Majukwaa hayo yana kazi yake, wala si adui. Lakini mgeni aliyekwisha kulala Diani mara tatu na kulijua jina la nyumba anayoipenda hana sababu ya kupitia kwa dalali ili arudi, isipokuwa jina lile limezimika. Eneo ambalo utalii wake umewahi kupigwa na machafuko ya Likoni ya 1997, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, maonyo ya usafiri ya 2014 na janga la Covid-19 mwaka 2020 linajua kwamba mgeni wa kurudi ndiye akiba ya siku mbaya.

Faida ya tatu inahusu jamii. Kikundi cha Mikoko Pamoja cha Gazi na Makongeni, kilichoanza kuuza hewakaa kutokana na mikoko tangu mwaka 2013, kimejulikana duniani kote. Vikundi vya namna hii hutafutwa na wafadhili, watafiti na wanunuzi walio mbali, na kwao jina la mtandaoni ndilo ofisi. Jina la kikundi cha kijiji likisajiliwa kwa jina la mfanyakazi wa mradi ambaye mkataba wake utakwisha, kijiji kimekabidhi funguo za ofisi kwa mpita njia.

Hatari za kujitakia

Hata hivyo, uchambuzi wa haki hauna budi kusema na upande wa pili. Kuwa na seva kwa jina lako ni kubeba mzigo wako mwenyewe, na mzigo huo una hatari zake.

Hatari kubwa kuliko zote ni kusahau kulipia kikoa kilichobeba seva. Kampuni ya Ukunda ikikosa kulipia mfano.co.ke, haizimiki yenyewe tu. Wateja wote arobaini huzimika pamoja nayo, ingawa kila mmoja wao amelipa ada yake. Baya zaidi, jina hilo likishaachiliwa, mtu mwingine anaweza kulisajili na kuwa mzee wa mtaa wa hoteli arobaini asizozijua. Anaweza kuzipeleka barua pepe zao, pamoja na hati za malipo za wageni, popote atakapo.

Hilo si jambo la kufikirika. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama, Matthew Bryant, aligundua kwamba baadhi ya majina ya seva zinazoongoza kikoa cha .io, kinachohusishwa na visiwa vya Chagos katika Bahari hii hii ya Hindi, yalikuwa yakiuzwa kama jina lolote. Aliyanunua kama mteja wa kawaida, na kwa muda mfupi akawa ameshika maelekezo ya kadhaa kati ya seva saba za kikoa kizima. Bahati nzuri alikuwa mtu mwema, akatoa taarifa ili kosa lirekebishwe.

Hatari ya pili ni kuweka mayai yote katika kapu moja. Oktoba 4, 2021, mitandao ya Facebook, WhatsApp na Instagram ilitoweka kwa takriban saa sita. Kosa lilitokea wakati wa matengenezo ya mtandao wa ndani wa kampuni hiyo, na seva zake za majina, ambazo zinaitwa kwa jina lake na ziko katika mtandao wake, zikaacha kupatikana. Kampuni yenye utajiri usiosemeka ilijifungia nje ya nyumba yake. Basi anayeweka seva zote mbili katika chumba kimoja cha Ukunda, kwa umeme mmoja na waya mmoja wa intaneti, asijidanganye kwamba ana seva mbili.

Hatari ya tatu ni wadukuzi. Aprili 2013, watu waliofungua google.co.ke walikutana na ukurasa wa wadukuzi. Ulinzi wa kampuni kubwa kama hiyo haukusaidia kitu, kwa kuwa kilichochezewa kilikuwa maelekezo ya jina. Funzo ni kwamba akaunti ya msajili inastahili kulindwa kama akaunti ya benki, kwa nywila madhubuti na uthibitisho wa hatua mbili, wala isigawiwe kila anayekuja kurekebisha tovuti.

Kwa mtazamo huo, si kila mtu anahitaji seva za jina lake. Nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili inahitaji kikoa kilichosajiliwa kwa jina la mwenyewe, basi. Seva zake za majina zinaweza kuwa za kampuni yoyote ya kuaminika. Wanaohitaji seva kwa majina yao ni wale wanaobeba majina ya wengine: kampuni za teknolojia za Ukunda na Kwale mjini, makundi ya hoteli, vyama vya ushirika vyenye matawi, taasisi za elimu na serikali ya kaunti.

Nyaya ziko karibu, maelekezo yako mbali

Kuna jambo jingine linalopaswa kuwashughulisha viongozi. Nyaya kuu za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka zinapotua hadi Diani ni mwendo wa kilomita thelathini na kitu. Tangu 2002 Kenya ina kituo chake cha kubadilishana mawasiliano ya intaneti, KIXP, kinachowezesha mawasiliano ya Wakenya kubaki nchini. Na mwaka 2022 ICANN ilitangaza kwamba Kenya ingepata kundi kubwa la seva za mzizi inazozisimamia, la kwanza barani Afrika.

Hata hivyo, miundombinu hiyo yote haimfaidi mtu ambaye seva zake za majina ziko Ulaya au Marekani pekee. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, intaneti ilidorora Kenya, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili. Katika hali kama hiyo, mtu wa Msambweni anayetaka kufungua tovuti ya zahanati iliyo jirani naye anaweza kushindwa, si kwa sababu tovuti iko mbali, bali kwa sababu anayejua ilipo yuko ng'ambo. Ndiyo maana busara ni kuwa na seva moja humu nchini na nyingine nje, katika mitandao tofauti. Moja ikipigwa na dhoruba, nyingine itajibu.

Serikali ya Kaunti ya Kwale, iliyoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013 na ambayo watu wake walihesabiwa kuwa 866,820 katika sensa ya 2019, ina nafasi ya kuwa mfano mwema. Zabuni, nafasi za kazi, karo za ufadhili na matangazo ya ardhi yote hutangazwa mtandaoni. Kaunti yoyote nchini inapaswa kutumia jina la .go.ke, ambalo haliuzwi kwa kila mtu, na kuhakikisha kuwa akaunti ya usajili iko chini ya ofisi wala si chini ya afisa. Magavana huja na kuondoka. Kwale ilimpokea Salim Mvurya mwaka 2013 na Fatuma Achani mwaka 2022. Jina la kaunti halipaswi kutegemea ni nani aliyekumbuka kukabidhi nywila.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 imefanya kuwa kosa kuchukua au kutumia jina la kikoa la mwingine bila idhini, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh200,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini sheria hii humlinda anayeweza kuonyesha kwamba jina ni lake. Anayelalamika kwamba jina lilikuwa lake ilhali daftari linamtaja mwingine atakuwa na kesi ndefu, kama walivyo na kesi ndefu wengi wanaodai mashamba ya babu zao.

Basi hatua za kuchukua ni chache na hazina gharama kubwa. Kila mwenye biashara, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kikundi amuulize aliyemtengenezea tovuti maswali matatu. Jina limesajiliwa kwa nani na kwa barua pepe ipi? Msajili ni nani, na nywila iko wapi? Seva za majina ni zipi, na kikoa kilichozibeba kinalipiwa na nani hadi lini? Majibu yaandikwe katika karatasi na kuwekwa pamoja na leseni na hati nyingine. Anayeandika mkataba mpya wa tovuti aongeze kifungu kimoja tu: jina ni mali ya mteja, na limesajiliwa kwa jina la mteja tangu siku ya kwanza.

Kampuni za vijana wetu nazo zisione maswali haya kuwa ni kutoaminiwa. Kampuni inayomkabidhi mteja jina lake, ikasajili seva zake kwa utaratibu na kulipia kikoa chake cha seva kwa miaka kadhaa mbele, ndiyo itakayobaki na wateja. Wateja hubaki pale wanapojua kuwa wana uhuru wa kuondoka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo wakiwafikiria wafanyabiashara wa majahazi na maduka ya ukingoni mwa bahari, muda mrefu kabla ya mtu kusikia neno seva. Pwani Kusini imekwisha kulipa gharama ya daftari lililoandikwa na wengine. Hili jipya lingali wazi, na kalamu iko karibu.